Turudishieni Mlango Wetu: Barua ya Wazi kuhusu Kikundi cha Jumanne Usiku

Mombasa, 21 Oktoba 2025

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Meneja wa Mradi na Wajumbe wa Bodi ya shirika linaloendesha tiba ya kikundi mtandaoni kwa wanawake waliofanya kazi za ndani nchi za Ghuba

Waheshimiwa,

MINTARAFU: KUFUNGULIWA KWA KIKUNDI CHETU, KUREKODIWA KWA VIKAO NA KUONDOLEWA KWA MSHAURI WETU

Nawasalimu kwa heshima. Jina la shirika lenu sikuliandika hapa, na langu pia sitaliandika. Mnajijua, na mnanijua. Barua yangu ya kwanza iliwafikia tarehe 17 Juni, ya pili tarehe 8 Julai, na tarehe 19 Agosti nilikuja ofisini kwenu mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, nikaambiwa mhusika yuko semina. Barua ya kwanza mliijibu kwa mistari miwili ya kunishukuru kwa "maoni" yangu na kuniambia kwamba tunajifungia. Ya pili haikujibiwa. Ndiyo maana leo nazungumza nanyi mbele za watu.

Kabla sijaendelea, wanawake wenzangu saba wameisoma barua hii kabla ya kutoka. Kila sentensi inayowagusa wameiruhusu wenyewe. Mmoja aliomba sentensi moja iondolewe, nami nikaiondoa bila kumuuliza sababu. Majina yao, mitaa yao na nyumba walizofanyia kazi hamtaviona hapa. Nitakayoyaeleza kwa kina ni yangu.

Nilikuwa kadama, mtumishi wa nyumbani, huko Riyadh, Saudia, kwa miaka miwili na miezi minne. Pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza, simu siku ya pili. Chumba nilicholala kilikuwa na kitasa, lakini ufunguo ulikaa kwa mama wa nyumba, na usiku nilifungiwa kwa nje. Niliporudi, watu walingoja masanduku. Nilishuka na mfuko mmoja wa plastiki na mkono wa kushoto usionyooka. Hayo yatosha.

Mwezi Februari 2024 mlinipokea katika kikundi chenu, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Tulikuwa wanane na mshauri mmoja, kila Jumanne saa tatu usiku, kwa saa moja na nusu. Saa tatu ilichaguliwa kwa sababu wawili wetu walikuwa bado Ghuba, ndani ya nyumba za makafili wao, yaani waajiri wao, na ndipo vyombo vya chakula cha jioni vinapokuwa vimekwisha kuoshwa. Mimi nilikaa bafuni juu ya ndoo niliyoigeuza, leso kichwani ili waya za masikioni zisionekane, kwa kuwa nyumba yetu ni vyumba viwili na sisi ni sita.

Mshauri alianza kila kikao kwa maswali yale yale: uko wapi usiku huu, nani yuko karibu nawe, mlango umefungwa? Alikuwa na namba ya mtu mmoja tunayemwamini kwa kila mmoja wetu, na alijua tunapokaa. Tulikuwa pia na neno letu. Mtu akiingia chumbani ghafla, unasema "mbaazi", na hapo hapo wote wanane tunageuka wapishi: nani anatia nazi mapema, nani anaitia mwisho. Neno hilo tumeshalibadilisha, ndiyo sababu naweza kulitaja. Usiku mmoja lilimwokoa mwenzetu mbele ya bibi mwenye nyumba aliyeingia bila kubisha. Tulipika mbaazi kwa maneno dakika kumi na mbili.

Alitufundisha pia kwamba kuna kiwewe cha tukio moja, kama ajali ya matatu, na kuna kiwewe cha kuishi ndani ya mateso miezi na miaka huku huna njia ya kutoka. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, alieleza tofauti hiyo mwaka 1992, akitazama watu walioumizwa mara kwa mara wakiwa chini ya mamlaka ya mwingine: wafungwa, mateka, wake wanaopigwa, watoto wanaodhulumiwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani sasa limeupa ugonjwa unaotokana na kiwewe hicho cha pili nafasi yake katika toleo la kumi na moja la orodha ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Huko, juu ya kurudishwa kule kila mara, kukwepa vinavyokumbusha, na kukaa macho kama mlinzi wa usiku, yameongezwa mambo matatu: hisia zisizotulia, kujiona huna thamani, na kushindwa kuwa karibu na watu. Nilipoyasikia hayo matatu nililia. Mamangu alikuwa akiniambia nimerudi na kiburi.

Kwa hilo la tatu, sijui kidonge kinachoweza kumrudisha mtu karibu na watu. Kulihitajika watu, wale wale, saa ile ile, wiki baada ya wiki, mpaka mwili uzoee kwamba hawa hawapigi. Ilinichukua miezi mitano kuwasha kamera. Hakuna aliyenilazimisha.

Nawaeleza haya yote kwa sababu sidhani mnajua mlichokuwa nacho. Sasa naja kwenye malalamiko.

1. Mlifungua mlango bila kutuuliza.

Tarehe 3 Juni tuliingia kama kawaida tukakuta watu 41. Linki ilikuwa imesambazwa. Nyuso nyingi zilikuwa viboksi vyeusi, na majina mengine hayakuwa majina ya watu bali aina za simu. Hatukujua nani ni mwanamke, nani ni mwanamume, nani ni mwandishi wa habari, nani ni ajenti wa kupeleka watu Ghuba. Msilione hilo la ajenti kuwa woga wa bure. Walioturubuni wengi wao ni majirani zetu, tunapishana nao dukani, na wengine bado wanawadai ndugu zetu pesa. Wenzetu wawili walioko Ghuba walitoka mtandaoni kabla ya dakika tano kwisha. Neno letu la siri lingefanya nini mbele ya watu 33 wasiolijua?

Kikundi cha tiba kwa watu kama sisi huwa kidogo, na kinapofika hatua ya kugusa yaliyopita hufungwa: walioanza ndio wanaomaliza. Tulikuwa tumeifikia hatua hiyo. Tulikuwa tumeingia kwenye maji marefu kwa sababu tuliwajua tulioshikana nao mikono.

Nataka hapa mnielewe vizuri, maana katika jibu lenu fupi mliandika kwamba "tunajifungia". Mimi nimefungiwa. Najua sauti ya ufunguo unaozungushwa na mtu mwingine. Mlango wa Jumanne ulikuwa wa kwanza, tangu nilipoondoka kwetu, ambao ulifungwa kwa ndani na mimi nikiwa miongoni mwa wenye ufunguo. Yule mama wa Riyadh hakuniuliza alipofunga. Nanyi hamkuniuliza mlipofungua.

2. Mlirekodi vikao, na habari zangu zikachapishwa.

Alama nyekundu ya kurekodi tuliiona tarehe 10 Juni. Mwenzetu aliuliza, akajibiwa kuwa ni kwa matumizi ya ndani. Mwezi Agosti ikatoka ripoti ya mradi, ya rangi, na ndani yake mna maneno yangu. Jina halimo. Umo mtaa wangu, idadi ya watoto wangu, mwaka niliorudi, na jinsi mkono wangu ulivyovunjwa. Kwa habari ya namna hiyo mtaa wetu ni mdogo. Binti wa jirani anayefanya kazi mjini aliisoma kwenye kompyuta ya ofisi, akamwonyesha mamake, na mamake akaja kumpa pole mamangu.

Mamangu nilikuwa nimemwambia nilianguka ngazini. Nilimwambia hivyo kwa sababu ni yeye aliyekopa chamani pesa za pasipoti na za vipimo vya afya, na nilijua hilo lingemkalia moyoni maisha yake yote. Siku ile alinikuta uani nafua. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama, akaingia ndani. Hajaniuliza kitu mpaka leo, na anapopika hapangi tena sufuria nzito upande wangu. Nilikuwa na nia ya kumwambia mwenyewe. Tulikuwa tumeshafanya mazoezi kikundini, wenzangu wakijifanya yeye kwa zamu, na sentensi ya kwanza nilikuwa nimeipata baada ya wiki sita. Mlinitangulia.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, pamoja na habari za familia yake. Inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi na ya mtu anayeelewa anachokubali, na inampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Inakataza data nyeti kupelekwa nje ya Kenya bila ridhaa ya mwenyewe. Ripoti hiyo mliwaandikia wafadhili walioko ng'ambo. Faragha yetu imo pia katika Katiba, kifungu cha 31, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba maskini aliyesaidiwa bure amesamehe haki hiyo.

Mtasema tulitia saini. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita, ikatumwa kwenye simu dakika chache kabla ya kikao cha kwanza, na wawili wetu hawakufika darasa la nane. Neno "kurekodi" halikuwemo. Palikuwa na "kuboresha huduma".

3. Mwezeshaji mpya alitaka kila mtu asimulie.

"Leo kila mmoja atueleze kilichompata, tuanze na wewe dada." Ndivyo kikao cha tarehe 10 Juni kilivyoanza, mbele ya viboksi vyeusi. Nia yake naamini ilikuwa njema. Kuna imani kwamba ukiyatoa yote utapumua. Lakini mtu wa kiwewe cha muda mrefu akisimulia kabla hajawa na pa kushika, hasimulii, anarudi kule. Moyo unakwenda mbio kama wakati ule, mikono inakufa ganzi kama wakati ule.

Dkt. Herman alipanga kupona kwa hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuyarudia maisha na watu. Hatua ya kwanza pekee ilituchukua karibu mwaka mzima, na kwa mtu anayetazama kutoka nje ilionekana kama hatufanyi kitu. Tulijifunza kulala. Tulijifunza kula tukiwa tumekaa. Tulijifunza "kugusa chini": nyayo sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Usiku mmoja mwenzetu aliondoka. Ndivyo tunavyosema, mtu yuko mbele ya simu lakini macho yake hayapo. Mshauri hakupaza sauti. Alimwita jina, akamwambia siku, tarehe na mji alimo. Kisha akatuomba sisi saba kila mmoja ataje kitu cha buluu kilichoko chumbani mwake: ndoo, pazia, sare ya mtoto, kifuniko cha chupa. Tulizunguka mara mbili. Mara ya tatu yule dada akataja chake, chandarua, akasema anasikia harufu ya vitunguu vya jirani.

Tarehe 10 Juni mwingine wetu aliondoka vivyo hivyo katikati ya masimulizi ya mtu asiyemjua. Hakuna aliyemwona, kwa sababu picha yake ilikuwa ukurasa wa pili wa skrini. Hakulala kwa siku tatu. Ameniruhusu kuliandika hili.

4. Mshauri wetu aliondolewa bila kuaga.

Hatujui kama aliacha kazi, alifukuzwa au mkataba ulikwisha, na pengine si haki yetu kujua. Kuaga ni haki yetu. Miongoni mwetu wamo waliotengwa na mama zao wakiwa wadogo, na waliopelekwa uwanja wa ndege wakiambiwa wanakwenda kwa shangazi. Mtu kama huyo, aliyemwamini mtu mmoja baada ya mwaka na nusu, akikuta Jumanne mtu mwingine amekaa pale pale bila neno, anaelewa jambo moja tu: ni mimi niliyemchosha. Watatu wetu waliniambia maneno hayo hayo kila mmoja kwa wakati wake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayafikiria.

Vikao vitatu vya kuaga vingetosha. Hata kimoja.

Kuhusu mwezeshaji aliyewekwa, tuliuliza amesomea wapi na nani anamsimamia. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka mshauri awe amesajiliwa. Hatukujibiwa. Sidharau wasio na shahada. Hapa hapa Kenya, jijini Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mbinu fupi ya Shirika la Afya Duniani, vikao vitano vya mtu mmoja mmoja, wakawahudumia wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2017. Lakini wale walifundishwa kwanza, na walikuwa na wakubwa wa kuwasimamia. Mwezeshaji wetu alipewa linki.

5. Hakuna mpango wa dharura.

Tarehe 24 Juni mwenzetu aliandika kwenye gumzo la kikao kwamba haoni sababu ya kufika asubuhi. Kikao kilikuwa na watu zaidi ya 30, maandishi yakapanda juu na kupotea. Sisi ndio tuliomwona. Nilipompigia mfanyakazi wenu aliyekuwa zamu, alinipa namba 1199 ya Msalaba Mwekundu. Namba hiyo ni nzuri, ni ya bure, na mimi mwenyewe imenisaidia. Lakini huyo dada yuko Ghuba. Namba fupi za Kenya haziitiki kutoka kule. Tulikaa naye kwenye simu, sisi sita kwa zamu, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi alikwenda kazini. Yu hai, na yeye ndiye aliyenihimiza zaidi niandike.

Wiki iliyofuata tulisikia kwamba maelekezo ya ndani ni "kutojihusisha" na kesi za namna hiyo kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari mwaka huu Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kama hofu yenu ilikuwa hiyo, ilikuwa imeshaondolewa miezi mitano kabla.

6. Saa, bando na kamera.

Mmehamishia kikao saa nne asubuhi kwa sababu ya saa za ofisi. Saa za Saudia na zetu ni zile zile, Omani wako mbele kwa saa moja tu. Saa nne asubuhi kadama yuko kazini, na sisi tuliorudi tuko vibaruani. Mmesema pia kamera ziwashwe muda wote "kwa ushiriki". Video inakula bando la mtu anayefua nguo kwa siku, na mwingine hana kona ya nyumba inayofaa kuonekana. Msaada wa bando uliokuwepo mmeukata. Mtu akikosa bando, hamwandiki kama aliyezuiwa. Mnamwandika kama aliyeacha.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, kwa sababu baadhi ya majibu nimeyasikia kupitia watu wenu.

Mtasema wanaosubiri ni wengi. Ni kweli, nami nawafahamu wengi wao kwa majina. Watu 41 kwa wakati mmoja wanaweza kufundishwa mengi: kwa nini usingizi umetoroka, jinsi ya kupumua, namna ya kudai mshahara uliobaki, mahali pa kupata matibabu. Hilo ni darasa, na darasa ni jambo jema. Liendesheni, na mimi nitakuja kujitolea kulitangaza. Msiliite tiba ya kikundi, na msilijengee juu ya kikundi kilichokuwa hai.

Mtasema bora huduma hii kuliko kukosa kabisa. Kwa mtu ambaye kidonda chake hakijaguswa, pengine. Kwa sisi tuliokuwa tumeshafunguliwa, na mshonaji akaondoka sindano ikiwa bado ndani ya nyama, siyo bora.

Mtasema wafadhili wanataka ushahidi. Wapeni. Mshauri wetu alikuwa akitupa kila baada ya miezi mitatu karatasi ya maswali kuhusu usingizi, woga na hasira, tunajaza wenyewe kwa namba, bila jina. Nyumba yangu, watoto wangu na mkono wangu havihitajiki ili mfadhili ajue kwamba sasa napata usingizi wa saa sita kwa usiku badala ya saa mbili.

Mtasema pesa zimepungua. Hilo silijui, na sitaki kuwabishia kwa jambo nisilolijua. Mngekuja mkatuambia hivyo, tungekaa tukafikiri pamoja nanyi. Wawili wetu walishajitolea kuchanga. Lakini kurekodi watu bila ridhaa yao hakupunguzi gharama yoyote, wala kuaga hakugharimu kitu.

Tunayoyaomba ni haya.

Kwanza, rekodi zote tangu tarehe 10 Juni zifutwe, nakala zilizopelekwa nje zifuatiliwe na kufutwa, na tupewe maandishi yenye sahihi kuthibitisha hilo. Ripoti iondolewe, ukurasa wangu utolewe, na walioipokea waandikiwe barua. Hili halingoji.

Pili, kikundi cha wanane kirudishwe kama kilivyokuwa, kimefungwa, Jumanne saa tatu usiku, kamera kwa hiari, kwa angalau miezi sita, ili tumalize tulichoanza. Wapya waundiwe vikundi vyao vidogo, waanze na hatua ya kwanza kama tulivyoanza sisi.

Tatu, mshauri wetu akubaliwe kurudi, au akishindwa aje kutuaga. Atakayemrithi awe amesajiliwa, awe na msimamizi, na awe anajua Kiswahili cha kutosha kusikia mtu anaposema "nimechoka" na kujua ni uchovu wa aina gani.

Nne, uandikwe mpango wa dharura unaomtaja kila mwanakikundi kulingana na mahali alipo, pamoja na walio nje ya Kenya, na namba zinazoitika kutoka huko.

Tano, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti kabla ya mtu kukubali, na kila jambo liwe na sanduku lake la ndiyo au la. Mtu akikataa kurekodiwa, asipoteze nafasi.

Tunaomba jibu la maandishi kufikia tarehe 14 Novemba 2025. Tusipolipata, nitapeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kulimaliza, na swali la usajili wa mwezeshaji litakwenda kwenye bodi inayowasimamia washauri. Barua zote mbili ziko tayari. Sitazipeleka kwa furaha, kwa sababu mikono iliyonipokea Februari ile ilikuwa ya watu wenu, na sijaisahau.

Kwa sasa tunakutana wenyewe, wanane, kila Jumanne saa tatu usiku, kwa simu ya sauti tu. Tumekubaliana kwamba hatutagusa mambo mazito, kwa kuwa hakuna wa kutushika. Tunaulizana uko wapi, nani yuko karibu, mlango umefungwa. Tunagusa chini. Kisha kila mmoja anaeleza alichokula wiki hiyo, tunaagana.

Leo ni Jumanne. Ndoo yangu nimeshaigeuza.

Wenu mwaminifu,

Mwanakikundi wa Jumanne, kwa niaba yake na kwa idhini ya wenzake saba